TAHARIRI: Tunatibu samaki, tunasahau maji

KWA miaka ya karibuni ufugaji wa samaki umekuwa wimbo unaoimbwa na kila kiongozi katika nchi tatu zinazopakana na Ziwa Viktoria. Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Mwanza akikabidhi boti na vizimba kwa wavuvi waliopewa mikopo isiyo na riba. Upande wa Kenya, watafiti walikwishahesabu vizimba zaidi ya 4,000 kabla ya mwaka 2020. Uganda nako, hasa maeneo ya Jinja, vizimba vimekuwapo tangu katikati ya miaka ya 2000.

Hatuna ugomvi na wimbo huo. Watu wameongezeka, samaki wa kuvuliwa wamepungua, na kijana wa Sengerema, Homa Bay au Mukono anahitaji kazi. Anayefuga sato badala ya kuvua vifaranga kwa kokoro anastahili pongezi, wala si lawama.

Lakini katika wimbo huo kuna ubeti mmoja hauimbwi. Samaki wakiugua wanatibiwa kwa kitu gani? Na dawa hiyo ikishamaliza kazi yake, au isipomaliza, inakwenda wapi?

Naomba msomaji aniwie radhi nianze na kisa cha nyumbani kwangu. Mimi niko hapa Birmingham kwa miaka kadhaa sasa, kwa sababu ambazo wasomaji wa ukurasa huu wanazijua, na kurudi nyumbani bado si jambo la kuamka asubuhi na kukata tiketi. Kama wengi wetu tulio ughaibuni, nilitaka kuacha alama. Nikamtumia mpwa wangu fedha, akachimba bwawa nje kidogo ya jiji la Mwanza, akanunua vifaranga, akanunua chakula. Miezi mitano mambo yakaenda vizuri, picha zikawa zinakuja kila Jumapili.

Siku moja akaona baadhi ya samaki wana utando mweupe kama pamba mgongoni. Akaenda kwenye duka la dawa za mifugo. Hakuulizwa bwawa lina ukubwa gani wala kina gani. Akapewa chupa isiyo na karatasi, yenye dawa ambayo harufu yake inawasha macho, akaambiwa amwage jioni. Akamwaga jioni. Alfajiri akanipigia simu: "Mjomba, samaki wote wako juu, wanatweta." Akadhani dawa ni kidogo, akaongeza. Kufikia saa nne asubuhi bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki.

Kisa hakikuishia hapo. Akafungua mfereji, maji yote yakatoka yakashukia kwenye kijito ambacho jirani zetu wananywesha mbuzi na kuchota maji ya kufulia. Kijito hicho kinaishia ziwani.

Nilipomuuliza maji yalikuwa na oksijeni kiasi gani kabla ya kutia dawa, alinyamaza. Nami nikanyamaza. Katika fedha zote nilizotuma, hakuna hata senti moja niliyotuma kwa ajili ya kifaa cha kupima maji.

Dawa ile, kwa harufu yake, bila shaka ilikuwa fomalini. Fomalini si uchawi. Ni dawa inayojulikana duniani kote kwa kuua vimelea vinavyoshambulia ngozi na mashavu ya samaki, na kwa kuua kuvu kwenye mayai. Lakini ina tabia moja ambayo muuzaji hakuisema: inakula oksijeni ya maji. Wataalamu wa mabwawa wana hesabu yao, kwamba kila miligramu 5 za fomalini katika lita ya maji huondoa takriban miligramu 1 ya oksijeni.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la nne. Kipimo kinachotumika sana bwawani hufika miligramu 25 kwa lita. Gawanya kwa 5, unapata 5. Yaani dawa iliyopimwa sawasawa inaweza kumaliza miligramu 5 za oksijeni katika kila lita. Maji ya joto la kwetu, hata yakijaa oksijeni kadiri yanavyoweza, hubeba kama miligramu 7 au 8 tu. Na alfajiri, baada ya usiku mzima wa samaki na mimea kuvuta pumzi bila jua, bwawa lenye samaki wengi linaweza kubaki na 3 au 2. Huko ndiko samaki wetu walikopelekwa: walikuwa wagonjwa, wakanyang'anywa na hewa.

Aidha, fomalini huua pia mwani mdogo sana unaoyapa maji ya bwawa rangi ya kijani. Mwani huo ndio unaotengeneza oksijeni mchana. Ukifa, kiwanda cha hewa kimefungwa, na mizoga yake inapooza hula oksijeni nyingine. Kwa hiyo anayeongeza dawa asubuhi kwa sababu samaki wanatweta anazima moto kwa petroli.

Mrututu nao una habari yake. Wakulima wa kahawa wa Bukoba na Kilimanjaro wanaujua kwa kunyunyizia mibuni. Kwa samaki hutumika kuua vimelea na mwani. Lakini mrututu ni shaba, na shaba haiozi. Fomalini huvunjika baada ya siku kadhaa. Shaba huzama kwenye tope la chini na kukaa pale, mwaka hadi mwaka, dozi juu ya dozi. Katika maji laini, yasiyo na chokaa ya kutosha, shaba huwa kali zaidi, kiasi kwamba kipimo kinachomponya samaki wa bwawa moja kinamuua wa bwawa la jirani. Ndiyo maana wataalamu huanza kwa kupima ualkali wa maji, na ukiwa chini ya miligramu 50 kwa lita husema mrututu usiguswe kabisa. Ni wafugaji wangapi wa kwetu waliokwisha kuulizwa swali hilo dukani?

Zipo pia antibiotiki, ambazo huchanganywa kwenye chakula. Samaki mgonjwa kwa kawaida hali. Chakula chenye dawa kinazama, na hata kile kilicholiwa, sehemu kubwa ya dawa hutoka na kinyesi. Kwa wale wanaofuga mjini kwenye matangi yanayozungusha maji kupitia chujio, balaa ni la haraka zaidi. Ndani ya chujio wanaishi bakteria rafiki, ambao kazi yao ni kugeuza amonia ya mkojo na kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Dawa ya kuua bakteria haina macho. Inawaua adui na rafiki. Baada ya siku chache amonia na naitraiti hupanda, damu ya samaki hugeuka rangi ya kahawia, na mfugaji anasema ugonjwa umerudi. Si ugonjwa uliorudi. Ni maji yaliyokufa.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Huwezi kumtibu samaki peke yake. Ng'ombe ukimchoma sindano, dawa inabaki kwa ng'ombe. Samaki ukimpa dawa, umeyapa maji dawa, na kila kinachoishi au kunywa humo kimekunywa pamoja naye.

Bwawa angalau lina kingo. Kizimba hakina. Ni wavu tu unaoelea. Dawa inayotiwa humo inatoka kwa wimbi la kwanza. Wapo wanaojitetea kwamba ziwa letu ni kubwa, kilomita za mraba zipatazo 68,800, tone la dawa litalifanya nini? Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama vizimba vingekuwa katikati ya ziwa. Haviko huko. Vingi viko karibu na ufuo, kwenye ghuba zilizojikinga na upepo, ambako maji hubadilika polepole. Na ni kwenye ghuba hizo hizo akina mama huteka maji kwa ndoo, na miji yetu imeweka mabomba ya kuvutia maji.

Tukumbuke ziwa hili ni la nani. Mwanza inakunywa kutoka Capri Point na Butimba. Kisumu inakunywa kutoka Dunga. Kampala inakunywa kutoka Ggaba, ambako uchafu wa ghuba ya Murchison umeshaifanya kazi ya kusafisha maji kuwa ghali. Kutoka Ihelele maji yanapandishwa hadi Shinyanga na Kahama, na siku hizi yamefika Nzega, Igunga na Tabora. Mtoto wa Tabora ambaye hajawahi kuliona ziwa analinywa kila siku. Na mitambo ya kawaida ya kuchuja na kutia klorini ilijengwa kuondoa tope na vijidudu. Haikujengwa kwa ajili ya mabaki ya dawa.

Jiji ninaloandikia hapa lina funzo katika hilo. Birmingham haina ziwa wala bahari, na katika karne ya 19 visima vyake vilikuwa vichafu na magonjwa yaliua watu wengi. Jiji likapata sheria yake mwaka 1892, likajenga mabwawa katika bonde la Elan huko Wales, na mwaka 1904 Mfalme Edward VII akafungua maji. Hadi leo yanasafiri kilomita zipatazo 118 kwa mteremko hadi kwenye bomba la jikoni kwangu. Watu waliokuwa wakiishi bondeni walihamishwa, jambo ambalo Wales haijalisahau. Jiji lililoharibu maji yake ya karibu lililazimika kwenda kuchukua ya mbali, kwa gharama ya wengine. Mwanza haina Wales ya kwenda. Maji yake ni hayo hayo.

Hatusemi kwamba dawa ndiyo adui namba moja wa ziwa. Tungekuwa waongo. Novemba 2022 samaki wa vizimba walipokufa kwa wingi upande wa Kisumu, taasisi ya utafiti ya Kenya, KMFRI, ilisema chanzo ni upungufu wa oksijeni. Maji taka ya miji, mbolea za mashamba, magugu maji na msongamano wa vizimba vyenyewe vina lawama kubwa zaidi. Lakini hapo ndipo mduara unapoanza. Maji mabaya humdhoofisha samaki. Samaki dhaifu huugua. Mfugaji hukimbilia chupa. Chupa huyafanya maji kuwa mabaya zaidi. Usipoukata mduara huo kwenye maji, hutaukata popote.

Isitoshe, yapo magonjwa ambayo hayasikii chupa yoyote. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari kuhusu virusi vya sato vinavyoitwa TiLV, na mwaka uliofuata watafiti walichapisha kuwa wameona dalili za virusi hivyo katika samaki wa Ziwa Viktoria, upande wa Uganda na Tanzania. Virusi havitibiwi kwa antibiotiki. Anayemwaga antibiotiki kwa ugonjwa wa virusi anapoteza fedha, anapoteza samaki, na anawafundisha bakteria wa ziwani usugu dhidi ya dawa ambazo kesho atazihitaji mwanawe hospitalini.

Je, wenzetu wamefanyaje? Norway mwaka 1987 ilitumia karibu tani 48 za antibiotiki kwa samaki wake. Ikawekeza kwenye chanjo, usafi na kupumzisha maeneo ya kufugia, na leo hutumia chini ya tani 1 kwa mwaka, ingawa samaki wanaofugwa ni wengi mara nyingi zaidi ya wakati ule. Hapa Uingereza rangi ya kijani iitwayo malakaiti, iliyokuwa ikitumika dhidi ya kuvu, ilikatazwa kwa samaki wa kuliwa mwaka 2002. Daktari wa mifugo hapa anapoandika dawa ambayo haikusajiliwa kwa samaki, kanuni ya kawaida humtaka mfugaji asubiri "digrii-siku" 500 kabla ya kuuza: maji yakiwa na joto la 10, ni siku 50, yakiwa na 25, ni siku 20. Hata hivyo tusiwapambe. Mabaki ya dawa za chawa wa samoni yamekutwa kwenye tope la chini ya bahari huko Uskoti, na mamlaka ya mazingira ya huko imelazimika kubana vibali. Tofauti ni kwamba kule kuna kibali cha kubana. Kwetu kuna chupa isiyo na karatasi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Wakumbuke mwaka 1999. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Viktoria baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Waliotia sumu walikuwa wachache. Waliofungiwa walikuwa wote: kiwanda, mchuuzi, mbeba barafu na mama aliyekuwa akiuza mapanki. Soko halimuulizi mwenye kosa, linafunga mlango.

Kwa hiyo tunasema yafuatayo, na tunayasema kwa serikali zote tatu.

Kwanza, kila mkopo wa kizimba uambatane na kifaa cha kupima oksijeni, amonia na joto la maji, pamoja na mafunzo ya kukitumia. Haiingii akilini kumkopesha mtu kizimba na tani za chakula, kisha kumnyima kitu cha kumwambia kama maji yake yako hai. Kama kifaa ni ghali kwa mmoja, kikundi kinunue kimoja.

Pili, dawa za samaki ziuzwe zikiwa na karatasi yenye jina, kipimo, tarehe na siku za kusubiri, tena kwa maelekezo ya mtaalamu. Tanzania ina mamlaka ya dawa, TMDA, ambayo kazi yake inagusa na dawa za mifugo. Isiishie kukagua maduka ya dawa za binadamu mjini; ifike na kwenye duka la mwalo.

Tatu, kila wilaya ya ziwa iwe na mtu anayejua magonjwa ya samaki, mwenye hadubini na namba ya simu inayopokelewa. Mara nyingi atakachosema ni kupunguza samaki, kusitisha chakula, kubadilisha maji, au kutumia chumvi ya kawaida. Ushauri huo ni rahisi kuliko chupa.

Nne, vipimo vya maji karibu na vizimba na karibu na mabomba ya miji vitangazwe kila mwezi, kila mtu avione. Nchi hizi zina chombo chao cha pamoja, LVFO, chenye makao Jinja, kilichoanzishwa mwaka 1994. Ziwa halijui mpaka wa Sirari wala wa Mutukula, na takwimu zake zisijue.

Hili la nne tunalisisitiza kwa sababu tunaijua harufu ya ukimya. Machi 2022 samaki walikufa katika mto Mara, maji yakawa meusi, na kamati ya serikali ikasema chanzo kikubwa ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Pengine kamati ilikuwa na sababu zake za kitaalamu. Lakini wananchi wengi walicheka, na walicheka kwa sababu hawakuwa na vipimo vya miezi ya nyuma vya kulinganisha. Pasipo na takwimu za kila siku, siku ya msiba hakuna atakayeaminiwa, hata anayesema kweli. Na mwandishi anayeuliza samaki wamekufa kwa nini asiitwe mchochezi. Anauliza kuhusu maji anayokunywa hata huyo anayemkamata.

Mwisho, tunarudi kwetu sisi tulio Birmingham, Leicester, Minneapolis na Muscat. Sisi ndio tunaotuma fedha za mabwawa haya. Tunauliza lini tutavuna, kilo ngapi, shilingi ngapi. Tuanze kuuliza swali jingine: maji yanasemaje? Kabla ya kutuma fedha za vifaranga 2,000, tutume za vifaranga 1,000 na kipimo kimoja cha oksijeni.

Mpwa wangu amelijaza upya bwawa lake. Safari hii ameweka samaki nusu ya wale wa mwanzo, na amechimba shimo la kutulizia maji kabla hayajafika kijitoni. Picha ya Jumapili iliyopita haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya kifaa kidogo chenye kioo, na kwenye kioo namba 5.8. Chini yake ameandika: "Mjomba, leo wanapumua."

Kinga ni bora kuliko tiba, walisema wazee. Kwa samaki, kinga ni maji.